Njaa ya Wiki ya Pili

Watu wetu huku California wakisikia nimetembea John Muir Trail, njia ndefu ya miguu milimani, kwanza huuliza habari za dubu. Wakishatulia huja swali la maana zaidi: "Dada, mtu anabeba chakula kiasi gani kwa siku?" Wanataka namba moja waende nayo dukani. Namba ninayo na nitaitaja, ila ukiifuata hiyo hiyo kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho, mwanzoni utabeba chakula usichokila na mwishoni utalala na njaa. Mwili wa mtu aliyetembea milimani siku mbili haudai sawa na mwili wa aliyetembea siku kumi. Jedwali nyingi nilizoziona hugawa sawasawa, gramu zile zile kila siku, na mimi siziamini tena.

Nieleze njia yenyewe kwanza, maana bila kuijua hesabu hazitaeleweka. Inaanzia Happy Isles katika bonde la Yosemite, inapita kwenye safu ya Sierra Nevada kuelekea kusini, na inaishia kilele cha Mount Whitney, mita 4,421, mlima mrefu kuliko yote Marekani ukiiacha Alaska. Ni kilomita 340 hivi, na ukifika kileleni bado una kilomita kama 17 za kushuka hadi Whitney Portal, ambako barabara ya magari inaishia. Wengi huchukua wiki mbili na nusu hadi tatu. Njia nzima hakuna kijiji. Hakuna mama ntilie, hakuna kibanda, hakuna bibi anayeuza ndizi kwenye beseni. Nusu ya kwanza kuna pa kuongezea chakula: Tuolumne Meadows, Reds Meadow, Vermilion Valley kwa anayekubali kutoka njiani kidogo, na Muir Trail Ranch iliyo karibu katikati ya safari. Ukiondoka hapo Muir Trail Ranch, mbele yako kuna kilomita kama 180 hadi Whitney Portal na hakuna duka hata moja.

Nilitembea na wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye ni mtu wa Tanga, mimi nimezaliwa Marangu, na mjomba wangu mmoja aliwapikia wapanda mlima Kilimanjaro miaka mingi. Nikiwa msichana nilikuwa namsaidia kupanga vyakula kabla ya safari, na kwake nilijifunza kwamba chakula cha mlimani hupangwa kuanzia mwisho. Alitenga kwanza chakula cha usiku wa kupanda kileleni na cha siku ya kushuka, akakifunga, na kuanzia hapo hakuna mtu wa kukigusa. Kisha akarudi nyuma siku moja moja hadi langoni. Vizito na vinavyoharibika upesi, kama tikiti maji, mayai na nyama mbichi, viliwekwa siku za mwanzo. Kule kambi ya Kibo, mita 4,720, ambako mgeni hata kuitazama sahani hataki, alipeleka supu, uji, biskuti na chai. Alasiri, wakifika kambini, wageni walipewa bisi na chai. Nikamuuliza, mjomba, bisi za nini kwa watu waliolipa fedha zote zile? Akaniambia, "Mwanangu, mtu asiyetaka kula atadonoa bisi huku anaongea. Na chumvi itamfanya anywe maji."

Tofauti yangu na mjomba ni kwamba kule mzigo unabebwa na wapagazi, na kila mmoja anapimiwa langoni asizidishe kilo 20. Huku John Muir Trail mpagazi ni wewe mwenyewe. Kila gramu unayoiweka kwenye shanta utapanda nayo vipito vya milima vyenye zaidi ya mita 3,300, kimoja baada ya kingine, hadi Forester Pass inayopita mita 4,000.

Sasa namba. Mtu mzima wa umbo la kawaida, anayetembea saa nane hivi kwa siku na mzigo mgongoni, anahitaji kuanzia kalori 2,500 hadi zaidi ya 4,000, kutegemea uzito wake, milima na baridi. Kwa vyakula vikavu vilivyochaguliwa vizuri hiyo ni kama gramu 650 hadi 950. Mimi nilipanga kuanza na gramu 700, na siku moja ya kwangu ilikuwa hivi. Asubuhi uji: unga gramu 80, maziwa ya unga 30, sukari 20, na siagi ya karanga kijiko kilichojaa. Hapo kuna kalori 700 hivi. Njiani, kuanzia saa tatu hadi alasiri, kashata ya karanga gramu 100, korosho 60 na tende 60, kalori 1,000. Mchana mkate bapa na siagi ya karanga, karibu 500. Jioni pilau kavu au kuskusi gramu 130, kijiko cha mafuta ya zeituni, na dagaa au maharage kidogo, kalori 700 nyingine. Ongeza chai ya maziwa na sukari mara mbili, umefika 3,000.

Mwenye kuziangalia namba hizo ataona kwamba siri iko kwenye mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga au protini ina nne. Gramu mia za unga wa mahindi au mchele zina kalori 360 hivi, tende 280, korosho 550, karanga 570, mafuta ya kula 880. Ndiyo maana chupa ndogo ya mafuta ya zeituni ilikuwa kitu chenye thamani kuliko vyote nilivyobeba. Kijiko kimoja juu ya pilau ya jioni hukioni, hukisikii mdomoni, lakini ni nguvu ya kupanda mlima kesho asubuhi. Tende nilizipenda kwa sababu nyingine: zinaingia mwilini upesi, na kokwa zake nilizitoa zote nyumbani. Huko hutupi kitu porini, hata kokwa. Kila ganda na kila kokwa utakalobeba kwenda utabeba kurudi.

Uzito si mwisho wa hesabu. Kwenye njia hii kuna dubu weusi, na sheria za hifadhi katika sehemu kubwa ya njia zinakutaka ubebe chakula ndani ya kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua. Kila chenye harufu kinaingia humo usiku, pamoja na dawa ya meno na mafuta ya kujipaka, na kopo linawekwa mbali na hema. Kopo langu lilikuwa la lita 11.5, na likiwa tupu lilizidi kilo moja. Kwa hiyo ukishamaliza kuhesabu kalori na gramu, unaanza kuhesabu nafasi, na hapo vyakula vingi vinajifuta vyenyewe kwenye orodha. Bisi za mjomba hazikufaa: pakiti moja inakula nafasi ya kashata za siku mbili. Vyakula vya kuongezea maji ya moto vinavyouzwa kwenye mifuko minene nilivihamishia kwenye mifuko myepesi ya zipu, nikatoa hewa. Tambi nilizivunja. Kashata ndiyo iliyoshinda. Ni nzito, bapa, haina hewa ndani, haiyeyuki juani kama chokoleti, na ukiikata vipande vya mraba inajipanga ukutani mwa kopo kama matofali. Sijui kwa nini watu wetu wanaotembea huku wananunua vipande vya ngano na sukari vya dola tatu tatu wakati kashata ya karanga tunaijua tangu utoto.

Jambo moja la kufurahisha kuhusu kopo: chakula cha siku ya kwanza si lazima kiingie humo, maana mpaka usiku kimeshaliwa. Hiyo ni nafasi ya bure. Tulipoondoka Happy Isles tulibeba chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi mbivu, tukala vizuri mchana kutwa, na tulipolala makopo yalikuwa yamejaa vikavu peke yake.

Pilau ilikuwa kazi ya wifi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi hukata tamaa mapema. Wifi hali nyama asiyojua imechinjwa vipi, na karibu pakiti zote za nyama katika maduka ya vifaa vya milimani hazikumfaa. Angeweza kuishi kwa mboga na maharage, lakini alisema hataki kutembea wiki tatu bila ladha ya nyumbani. Akanunua nyama ya kusaga isiyo na mafuta kwenye bucha la halali, akaichanganya na chenga za mkate, akaikaanga bila mafuta hadi ikaiva kabisa, akaikausha kwenye mashine ya kukaushia vyakula kwa nyuzi 65 hivi mpaka ikawa kama changarawe. Chenga za mkate zinaifanya nyama inywe maji upesi baadaye, bila hizo inabaki kutafunika kama mpira. Mchele akaupika na bizari zote, mdalasini, iliki ya kutosha, pilipili manga, kitunguu kilichokaushwa, nao bila tone la mafuta, kisha akautandaza na kuukausha. Mafuta hayakauki, na ndiyo yanayochacha na kuharibu chakula kizima. Kwa hiyo mafuta huyabebi ndani ya chakula, unayabeba kando na kuyatia sufuriani ukishapika.

Jioni kambini kazi ilikuwa rahisi. Saa tisa, tukiwa bado njiani, tulitia nyama kavu na maharage makavu kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na maji baridi. Tulipofika, vilikuwa vimeshalainika nusu. Tukaongeza mchele, tukachemsha dakika chache, tukazima jiko na kuifunika sufuria kwa kofia ya sufu. Dakika kumi baadaye pilau. Watu waliopiga hema karibu nasi walinusa wakaja kuuliza.

Maharage nayo yalipikwa nyumbani kabla ya kukaushwa, na hili si la hiari. Mita 3,000 juu ya bahari maji huchemka kwenye nyuzi 90 tu, na kadiri unavyopanda yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Maharage mabichi utayachemsha mpaka gesi iishe na bado yatagonga meno. Moto wa kuni hauruhusiwi sehemu za juu, basi kila dakika ya kuchemsha ni gesi uliyoibeba. Kwa sababu hiyo ugali tuliuacha. Wifi alibisha mwanzoni. Tukaujaribu nyumbani kwa jiko lile lile dogo na sufuria ile nyembamba, ukashika chini, ukala gesi nyingi, na kuosha sufuria kukahitaji maji na muda ambao jioni yenye baridi huna. Tulichofanya ni kukaanga unga wa mahindi kwenye kikaango kikavu mpaka ukatoa harufu nzuri, tukauchanganya na unga wa dengu uliokaangwa kutoka duka la Wahindi kule Fremont. Unga wa hivyo umeshaiva. Unautia maji ya moto na maziwa ya unga, unakoroga, uji tayari, sufuria haishiki kitu.

Ukavu wenyewe una sharti lake. Unafaa Sierra Nevada kwa sababu maji yapo kila mahali, mito na maziwa, unachuja na kupikia. Mjomba alinieleza kwamba kambi ya Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka chini, na hapo chakula kikavu hakikupunguzii sana mzigo, maana maji yake nayo lazima yapande mgongoni mwa mtu. Ukipanga safari mahali pakame, uzito wa maji ya kupikia uuweke kwenye hesabu ya chakula. Ukitembea Usambara, kwa mfano Lushoto hadi Mtae, mambo ni mengine tena: unapita vijijini kila siku, unanunua njiani, unabeba vya kutafuna tu.

Turudi kwenye tumbo. Siku za mwanzo tulipanda kutoka mita 1,200 hivi za Happy Isles hadi Tuolumne Meadows, zaidi ya mita 2,600, na kutoka hapo kuvuka Donohue Pass yenye mita 3,370. Hamu ya kula ilipotea. Hili ni jambo la kawaida mwili unapozoea hewa nyembamba, na kulikuwa na joto pia. Kashata niliyoipanga imalizike saa saba mchana ilibaki nusu. Wifi alikula uji na supu, na chai yenye tangawizi, basi. Vitu vyenye chumvi na uchachu vilimpita kooni wakati vitamu vilimkataa: achari ya embe kavu, ukwaju, dagaa waliokaangwa na ndimu. Niliona wazi maana ya bisi za mjomba. Kwenye urefu ule hamu inabembelezwa kwa chumvi na uchachu, na chakula chenye mafuta mengi kinarudishwa kooni hata kama kwenye karatasi ndicho chenye kalori bora.

Kisha, karibu na mwanzo wa wiki ya pili, njaa ikafika. Haikuja polepole. Tulikuwa tumezoea hewa, miguu imekaza, tunatembea saa nyingi zaidi kwa siku, na akiba ya mwili imeanza kupungua. Ukila unashiba, na baada ya saa moja ni kama hukula. Usiku unashtuka saa nane umesikia baridi ndani ya mfuko wa kulalia ule ule uliokupa joto wiki iliyopita. Baridi hiyo mara nyingi ni tumbo tupu, na dawa yake ni kula kitu chenye mafuta kabla ya kulala, korosho au kijiko cha siagi ya karanga. Dalili nyingine ni hasira ndogo ndogo, kujikwaa mahali pasipo jiwe, na kukaa kimya. Wifi ni mtu wa maneno. Alipopita mchana mzima bila kusema kitu nikajua ni njaa, nikamwambia tukae. Akasema, "Niko sawa wifi, twende tu." Hakuwa sawa.

Hapa kuna jambo ambalo wanaopanga chakula kwa vitabu vya Wazungu hawataliona. Sisi tumelelewa kutosema "bado nina njaa" mbele ya mkwe, shemeji au wifi. Kipande cha mwisho sufuriani tunamwachia mwenzetu, na mwenzetu naye anatuachia. Nyumbani ni adabu nzuri, maana jikoni kuna kingine. Milimani adabu hiyo inamfanya kila mmoja alale na njaa ili asimpunje mwenzake. Tulikuwa tunakula pamoja sufuria moja, na siku kadhaa nilimwona wifi akiweka kijiko chini mapema, nami nikaweka changu ili asijione mlaji. Pilau ikabaki, tukaigawa kinywani kwa kulazimishana.

Tulilizungumza waziwazi tulipokaa kupumzika karibu na Selden Pass. Nikamwambia, "Wifi, huku tusioneane haya. Kila mtu aseme tumbo lake." Naye akakiri kwamba siku tatu mfululizo alikuwa analala akisikia njaa. Tangu hapo kila kitu cha kutafuna kiligawanywa asubuhi, mfuko wako na mfuko wangu, na cha jioni kilipimwa kwa kikombe kwenye bakuli mbili kabla ya mtu yeyote kushika kijiko. Anayeshiba abakishe kwenye bakuli lake. Naliona hili kuwa kubwa kuliko hesabu yoyote ya kalori kwa anayetembea na ndugu wa mume au wa mke. Kwenye kupanga pia tukaacha kugawa nusu kwa nusu. Mimi ni mrefu na mzito kumzidi, na mwili mzito unatumia nguvu zaidi kupanda mlima ule ule, basi sehemu yangu ikawa kubwa kidogo, yeye akachukua zaidi vyenye chumvi.

Muir Trail Ranch tulikuwa tumetuma ndoo zetu wiki nyingi kabla. Utaratibu wao ni ndoo ya plastiki ya lita 20 hivi, unaituma kwa posta na kulipia, nao wanaifikisha huko porini na kukutunzia mpaka upite. Ugumu wake ni kwamba unaifungasha ndoo ukiwa nyumbani, umeshiba, hujui njaa itakayokukuta. Nilipokuwa naipanga nilikumbuka namna mjomba alivyoanzia mwisho. Nikaanza na siku ya Whitney, nikarudi nyuma, na kila siku ya nusu ya pili nikaipa gramu 850 badala ya 700, karibu zote zilizoongezeka zikiwa karanga, korosho, maziwa ya unga na mafuta. Siku yangu ikapanda kutoka kalori 3,000 hadi karibu 3,800. Tulipoifungua ndoo nilishukuru.

Pale pale kuna safu ya ndoo ambamo wapita njia huacha chakula wasichokitaka, na mwenye shida huchukua. Nilizichungulia kwa muda mrefu kwa sababu ndilo somo kamili la kupanga chakula. Kulikuwa na uji wa shayiri wa pakiti, ladha moja ile ile, mwingi sana. Kulikuwa na vipande vya protini vya aina moja, vya kila siku, ambavyo mtu alinunua katoni nzima kwa sababu alionja kimoja akakipenda. Hakukuwa na korosho. Hakukuwa na jibini wala siagi ya karanga. Watu wanabakisha kinachojirudia na vitamu vikavu, wanamaliza chenye mafuta na chumvi. Sisi tuliacha sukari na tambi kidogo, tukachukua viazi vya unga, ambavyo vikichanganywa na dagaa na pilipili vinakuwa chakula kizuri cha dakika moja.

Lakini gramu 850 mara siku tisa hazikuingia kwenye kopo. Langu lilijaa kwa kilo sita na nusu hivi, na nilishalishindilia. Baadhi ya kambi za mbele, kuanzia Woods Creek, zina masanduku ya chuma ya hifadhi ambamo chakula kilichozidi kinaweza kulala, ila kabla ya kufika huko ni siku kadhaa bila sanduku. Waliozoea hutembea haraka ili wapunguze siku. Wengine hupunguza chakula na kuvumilia. Hilo la pili silikubali hata kidogo. Kati ya Muir Trail Ranch na Whitney kuna Muir Pass, Mather, Pinchot, Glen na Forester, na hapo ndipo njaa inapokuwa kubwa kuliko popote. Kupunguza chakula sehemu hiyo ni kujitafutia kuanguka.

Tulichagua kutoka njiani. Baada ya Glen Pass kuna njia inayopanda Kearsarge Pass, karibu mita 3,600, na kushuka hadi Onion Valley, ambako barabara kutoka mji wa Independence inaishia. Ni kilomita kama 12 kwenda na 12 kurudi, na ni mlima kweli kweli. Wengi husikitika kupoteza siku. Mimi naiona kuwa siku iliyotumika vizuri kuliko zote, kwa sababu iliigawa sehemu ndefu mara mbili: kutoka Muir Trail Ranch hadi hapo ni kilomita 115 hivi, siku sita za chakula, zinaingia kwenye kopo bila shida hata kwa gramu 850.

Mume wangu aliendesha usiku kucha kutuletea chakula. Alikuta dada yake na mke wake wamekaa juu ya jiwe, wamekonda nyuso, wanamwangalia mikono kabla ya kumsalimia. Alileta kuku wa kuchoma, chapati nyingi, embe, kachumbari, na soda. Tulikula kuanzia asubuhi mpaka jioni, tunapumzika na kuanza tena. Vitu vibichi ndivyo tulivyovililia, kitunguu na nyanya na embe, baada ya siku zote zile za vikavu. Akatuletea pia maboksi yetu mawili ya siku za mwisho, tukabeba chapati na kuku kwa ajili ya siku ya kwanza nje ya kopo, tukarudi juu.

Kuanzia hapo hadi Whitney hatukuwaza chakula, na hiyo ndiyo dalili ya mpango uliokaa sawa. Forester Pass tuliipanda asubuhi baada ya uji wenye siagi ya karanga maradufu. Usiku wa kupanda Whitney nilifanya kama mjomba: chai tamu, biskuti, kashata mfukoni mwa koti iliyokatwa vipande vidogo vya kutafuna kila saa hata bila hamu, kwa sababu juu ya mita 4,000 hamu inapotea tena kama siku za mwanzo. Hili nalo linafaa kuingia kwenye mpango. Njaa ya wiki ya pili haifuti athari ya hewa nyembamba, na chakula cha siku ya kilele kiwe chepesi kinywani hata kama siku zilizotangulia ulikuwa unakula kama mvuna mpunga.

Tuliposhuka Whitney Portal kopo langu lilikuwa na chakula cha karibu siku moja: kuskusi, maziwa ya unga, chumvi, na majani ya chai. Akiba ya siku moja kwa kila kipande cha safari ni kiasi kinachofaa, maana mvua ya radi inaweza kukuzuia usivuke kipito siku nzima. Zaidi ya hapo ni kubeba woga.

Daftari la safari ninalo bado, kila jioni niliandika kilicholiwa, kilichobaki na nani alilala na njaa. Sasa tunapanga safari nyingine na wifi, fupi kidogo, na orodha imeanza: siku tatu za kwanza gramu 600 zenye chumvi na uchachu, kisha 750, kisha 900 kuanzia siku ya nane. Kashata za nazi ziongezwe kwenye zile za karanga. Achari ya embe mara mbili ya ile ya kwanza, hilo ni la wifi, na amesema halina mjadala.